Sura Mbili za Mwisho za Tanuri

Mchwa walikula sura mbili za mwisho za nakala yangu ya *Tanuri*, na kwa miaka sita sikumwambia mtu. Kurasa mia tatu na kumi zilibaki, jalada lilibaki, na mimi, mwalimu Nikodemo wa Fasihi ya Kiingereza, nilibaki na heshima yangu. Kitabu nilikibandika kwa gundi na karatasi ya kaki, nikakiweka mezani mahali ambapo wanafunzi wangekiona bila kukigusa.

*Tanuri* ni jina letu la mkato. Jina lake la Kiingereza ni refu na linachosha, kama walivyopenda Waingereza wa enzi zile. Ni hadithi ya mjane tajiri, Bi Pellow, mwenye kiwanda cha matofali na asiye na mtoto. Anamchukua binti yatima, Edith, anamlisha na kumvisha. Baadaye anakuja kijana mpima ardhi, Lomax, anapewa chumba uani, na Edith anampenda. Hapo ndipo nakala yangu ilipoishia.

Mwisho niliupata kwa Masele. Masele ni Msukuma aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu, mashimo yakamkataa, akafungua kibanda umiza nyuma ya soko. Huonyesha muvi za Kizungu huku ameshika maikrofoni, anatafsiri kwa kelele kuliko waigizaji wenyewe. Siku moja aliweka muvi ya *Tanuri*. Niliingia nimevuta kofia mpaka machoni, nikakaa nyuma kabisa katikati ya wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope. Mwishoni mvua inanyesha, Lomax anarudi juu ya farasi, anamwoa Edith mbele ya tanuri, na Bi Pellow anacheka akiwa amembeba mtoto wao. Wachimbaji walipiga makofi. Mimi niliandika kwenye kiganja, na kesho yake nikafundisha.

Ningeweza kukitafuta kitabu kizima kwenye simu. Vitabu vya zamani namna ile vimejaa huko na havilipiwi. Sikutafuta. Nilishafundisha harusi, nilishasahihisha harusi, nilishatoa alama kwa sababu ya harusi. Ningetafuta nini tena?

Wala usidhani niliwasema vizuri watu wa muvi. Niliwachana kila wiki. Kitabu kinatumia kurasa arobaini kuueleza udongo, jinsi unavyokandwa, unavyonuka, unavyopasua mikono ya watoto; muvi inakupa dakika mbili za kinanda na wasichana wenye mikono laini. Mjane wa kwenye kitabu ana meno mabovu na jicho moja linalotoa machozi. Yule wa kwenye muvi ungeweza kumposa. "Atakayeniletea jibu la kibanda umiza," nilizoea kusema, "nitamrudisha kwa Masele akafanyie mtihani huko huko." Darasa lilicheka. Nilipenda mno darasa likicheka kwa sababu yangu. Huo ndio ugonjwa wangu, na sijapona.

Kituo chetu ni cha kurisiti, chumba cha bati karibu na kituo cha bodaboda, na wanafunzi ni wale ambao kidato cha nne kiliwatupa nje. Boke aliletwa mwezi wa kwanza na baba yake mdogo, Mzee Kisyeri wa Nyakunguru. Baba mzazi alishafariki. Boke alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye tabia ya kukutazama usoni unapomsemesha, jambo ambalo halinifurahishi kwa mwanafunzi.

Mzee Kisyeri hakuzunguka. "Mwalimu, mimi ni mtu wa kusema wazi. Kuna mama mmoja kule kwetu, Nyangi, mume wake alifariki, hana mtoto wa kiume. Anamtaka huyu. Nyumba ntobhu, unaijua."

Naijua desturi hiyo ya Wakurya, ingawa mimi ni Mwikoma wa upande wa Serengeti. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, anamwoa binti, binti anazaa na mwanamume watakayekubaliana, na mtoto anakuwa wa nyumba ya yule mama, kwa jina la marehemu mume wake. Kuna mabinti waliopata heshima na mashamba kwa njia hiyo. Kuna wengine waliopata mzigo tu.

"Mimi sijakataa wala sijakubali," Mzee Kisyeri akaendelea. "Huyu analia anataka ualimu. Amebakiza somo hili la Kiingereza cha hadithi. Usajili unafungwa mwisho wa mwezi wa tatu, si ndiyo? Basi kabla haujafungwa nitakuja kukuuliza wewe. Ukisema ataweza, nitamsajili na Nyangi atafute kwingine. Ukisema hawezi, sitabishana na mwalimu."

Boke alinitazama. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kana kwamba ndio kwanza ananiona.

Nilimpokea. Na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mwanafunzi yeyote: nilimwazima kitabu. Wengine walisoma muhtasari wangu. Yeye alikuja kila siku kabla ya wenzake, akasimama mlangoni, akauliza kama anaweza kusoma kidogo, mpaka siku moja nikachoka kumwona amesimama. Nikamwambia akichukue akirudishe baada ya wiki mbili, na akikipoteza nitamla nyama. Sikuwaza juu ya sura za mwisho. Nilidhani hatafika huko. Hakuna aliyewahi kufika huko.

Alikirudisha baada ya siku tisa, amekifunga kwenye kanga.

Jaribio la kwanza nililitoa wiki ya pili ya Machi. Swali lilikuwa langu la kila mwaka: eleza uhusiano wa Bi Pellow na Edith, na jinsi unavyoishia. Majibu yalikuwa yale yale ya kila mwaka, kwa maneno yangu mwenyewe: mjane mwema, binti mwenye bahati, harusi, mvua. Nikasahihisha huku nakunywa chai. Kisha nikafika kwenye karatasi ya Boke.

Kiingereza chake kilichechemea, lakini alichokisema kilikuwa wazi. *Bi Pellow hakumwajiri Edith. Alimwoa.* Aliandika kwamba siku ya kwanza mjane anamuuliza Edith mama yake alizaa wavulana wangapi, na hakuna anayemuuliza mfanyakazi swali kama hilo. Kwamba mjane ndiye aliyempa Lomax chumba cha uani, karibu na mlango wa Edith, ingawa nyumba kubwa ilikuwa na vyumba vitupu. Kwamba ananunua kitambaa cha kichanga kabla hata vijana wale hawajashikana mikono. Kwamba anaagiza kibao kipya cha kufyatulia matofali chenye jina la mume wake aliyekufa, la nini, kama hakuna atakayelibeba? Na akamalizia: *Mwisho haupo, lakini nadhani mtoto atachukuliwa, atapewa jina la marehemu, Lomax atafukuzwa, na Edith ataondoka na begi lake. Kwa sababu yeye hakuletwa kupendwa. Aliletwa kuzaa.*

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimefundisha swali lile la wavulana miaka sita kama mfano wa ucheshi wa mwandishi.

Ningeweza kufanya mengi wakati ule. Nilichofanya ni kuandika sifuri, nikaizungushia duara jekundu, na kesho yake nikaingia darasani na karatasi ile mkononi.

"Leo tuna mtafiti," nilianza. "Amegundua kwamba Uingereza kuna Wakurya."

Nikaisoma yote kwa sauti. Nilijua kuisoma. Pale palipochechemea nilichechemea zaidi, pale alipokosea kidogo nilirudia mara mbili. Kiongozi wa darasa, Huruma, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Nilipofika kwenye neno *alimwoa* nikatulia, nikavua miwani.

"Boke, hebu tusaidie. Hao ng'ombe wa mahari walipanda meli gani?"

Chumba kizima kililipuka. Hata madereva wa bodaboda nje walichungulia dirishani. Boke alikuwa amesimama, mikono nyuma, ananitazama usoni.

"Umeyatoa kwa Masele haya," nikasema. "Kwenye kibanda umiza."

"Sijawahi kuingia kwa Masele, mwalimu. Nimeyatoa kwenye kitabu."

"Kitabu kipi? Kitabu kinaishia na harusi!"

"Hiki cha kwako kinaishia ukurasa wa mia tatu na kumi," alisema. Hakuwa na ujeuri wowote, naapa. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Karatasi za mwisho hazipo, mwalimu. Hiyo harusi wewe uliisoma wapi?"

Kicheko kilikatika. Huruma akainua kichwa, akakiangalia kitabu mezani, kisha akaniangalia mimi. Wanafunzi ishirini na sita walikuwa wanasubiri jibu, na kati yao walikuwemo watatu ambao kaka zao huenda kwa Masele kila Jumamosi.

"Nilikisoma chuoni," nikasema, "wewe ukiwa bado hujui kupenga kamasi. Toka nje. Na usirudi mpaka uwe umejifunza tofauti ya mwalimu na mchunga mbuzi mwenzako."

Wakacheka tena, maana walitaka kucheka. Boke alichukua daftari lake. Alipopita mbele yangu alinitolea heshima kwa kichwa, ile wanayowapa wakubwa, akatoka kwenye vumbi.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, nilijifungia chumbani nikatoa simu. Mgodini walikuwa wanalipua, mabati yanatetemeka, na mtandao ulikuja na kuondoka, lakini kitabu kilishuka chote. Nikasoma sura mbili za mwisho kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Hakuna farasi, hakuna mvua. Edith anajifungua mtoto wa kiume bila ndoa. Bi Pellow anampa Lomax barua ya kazi mbali sana, na kijana anaipokea bila hata kuaga. Mtoto anabatizwa kwa jina la marehemu Pellow. Edith ananyonyesha miezi minane katika chumba cha jikoni, analetewa mtoto akilia na kunyang'anywa akinyamaza. Kisha asubuhi moja mkokoteni wa matofali unambeba yeye na begi lake, na mjane hatoki hata dirishani. Sentensi ya mwisho inahusu bei ya udongo.

Waliotengeneza muvi walikiona hicho wakaona hakuna atakayelipa kiingilio kutazama. Nawaelewa. Wakambandika mjane kicheko, wakamrudisha kijana kwa farasi, watu wakatoka wamefurahi. Mwandishi aliandika kitu kikatili kwa sababu alikijua, na wao wakakisafisha mpaka hakikubaki chochote. Na mimi, niliyejigamba miaka sita kwamba nalinda vitabu dhidi ya muvi, nilikuwa mtumishi wao. Msichana wa Nyakunguru alikuwa amekisoma kitabu kuliko mimi, kuliko waongozaji wenye makamera yao, na alikuwa amekisoma kikiwa pungufu.

Niliona aibu. Naisema kama ilivyokuwa, iliniunguza mpaka sikula. Lakini aibu ya mtu kama mimi haigeuki kuwa toba. Inageuka hasira. Kufikia Jumapili nilikuwa namchukia yule binti kama vile ndiye aliyekula karatasi zangu.

Mzee Kisyeri alinikuta nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanapeana mikono. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, na Boke alisimama nyuma yake hatua tano, amebana Biblia kifuani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hata hivyo alinisalimia.

"Mwalimu," mzee alisema, "Ijumaa ijayo wanafunga usajili. Na Nyangi ametuma mtu jana. Nilikuahidi kwamba neno lako ndilo litakalotuamulia. Nisikie kwako hapa hapa mbele ya nyumba ya Mungu. Huyu mtoto ataweza?"

Nilimtazama Boke. Alikuwa amekaza macho kwenye midomo yangu. Nilijua kwamba akirudi darasani, siku moja atakipata kitabu kizima kama nilivyokipata mimi, na atauliza tena, na safari hiyo hapatakuwa na wa kucheka. Ilikuwa yeye au mimi. Sikuhitaji hata kufikiri sana.

"Mzee, sipendi kukudanganya," nikasema. "Hawezi. Nimempa kitabu chenyewe, asome peke yake siku tisa, kitu ambacho sijamfanyia mtu. Ameandika mambo ambayo hayamo. Sifuri. Ukimsajili utakuwa unatupa."

"Hayamo kabisa?"

"Kabisa."

Mzee Kisyeri alitikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa na matumaini, maskini. "Basi," akasema, "nimeuliza, nimejibiwa." Akageuka kumwambia Boke neno la Kikurya ambalo sikulisikia. Boke hakulia. Aliendelea kunitazama, safari hii kama mtu anayehesabu upya jambo alilokuwa na hakika nalo. Kisha akainamisha macho, mara ya kwanza tangu nimjue.

Ng'ombe wa Nyangi walihama kabla ya Pasaka.

Mwezi wa kumi na moja mtihani ulikuja, na bahati ikanibeba: *Tanuri* hawakuiuliza. Waliuliza vitabu vingine. Wanafunzi wangu kumi na mmoja walifaulu na wazazi wakaniletea jogoo. Sikusahihisha muhtasari wangu. Harusi iko pale pale, na farasi wake, na mwaka huu nimeifundisha tena.

Boke nilimwona mwezi wa saba uliopita. Nilikuwa nimekwenda Nyakunguru kwenye msiba, na nilipokuwa natembea kurudi barabarani kutafuta bodaboda nikamkuta kwenye bomba la maji, ndoo yake ikijaa. Alikuwa amekonda usoni na amejaa kifuani. Gauni lilikuwa limelowa sehemu mbili kwa maziwa.

Nilitaka kupita. Ni yeye aliyeniita.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Hujambo? Naona umejifungua."

"Wa kiume," alisema. "Miezi sita sasa. Bibi Nyangi amefurahi sana. Amempa jina la marehemu, Nyamhanga."

"Yuko wapi?"

"Yuko na bibi. Analala naye, anashinda naye. Mimi huletewa akitaka kunyonya." Alifunga bomba, akafuta mikono kwenye gauni. "Baba yake alipata kibarua Geita. Bibi ndiye aliyemtafutia. Na ndugu za bibi wanasema mtoto akiacha ziwa, mimi naweza kurudi kwa baba mdogo. Wanasema tu. Watu husema mengi."

Nilitazama ndoo.

"Mwalimu, mimi nataka kukushukuru," akasema, na uso wake ulikuwa hauna kejeli hata chembe. Laiti ungekuwa nayo. "Unajua ile siku ulinicheka niliumia sana. Nilikuwa nimeamua kutoroka. Dada yangu mkubwa, Dorka, ameolewa ng'ambo ya mpaka, Migori, alinitumia nauli nivukie Sirari. Nilishafunga begi. Lakini uliposema pale kanisani kwamba yale niliyoandika hayamo, nikakaa nikafikiri. Nikasema, kumbe nimekisoma kitabu kwa woga wangu. Yule mama hakuwa na nia mbaya, na Edith aliishia vizuri, na mwalimu amekisoma chote. Basi labda na hapa ninaogopa bure. Nikafungua begi, nikarudisha nguo."

Lori la mchanga lilipita, tukageuza nyuso kukwepa vumbi. Lilipopita alikuwa bado ananitazama, ile namna yake ya zamani, moja kwa moja usoni.

"Siku hizi usiku mwingine mawazo yale yananirudia," alisema. "Halafu najikumbusha ile harusi. Si ndivyo, mwalimu? Alibaki na mtoto wake?"

Migori ilikuwa bado iko pale pale, mwendo wa nusu siku. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Neno moja tu, na angekuwa na miezi miwili mitatu ya kujipanga, yeye na dada yake.

"Ndivyo," nikasema. "Alibaki naye."

"Hawakumfukuza?"

"Hawakumfukuza."

Boke akatabasamu, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kutoka upande wa nyumba kubwa mtoto alianza kulia, na sauti ya mwanamke mzee ikamwita kwa ukali. Akajitwisha ndoo, akaniaga kwa heshima, akaenda upesi kunyonyesha kabla mtoto hajanyamaza.